Morel: Karani aliyeifichua Kongo kwa hati za mizigo, kisha akateleza Rhine

Mfanyabiashara anayevusha mzigo Kasumbalesa, Rusumo au Bunagana hahitaji kufundishwa hesabu hii. Mali ikitoka upande mmoja, lazima kitu kiende upande wa pili: fedha, bidhaa nyingine, au angalau deni lililoandikwa kwenye daftari. Kisipoonekana hata kimoja, mwenye mali ameporwa.

Hesabu hiyo ya dukani ndiyo iliyomfikisha karani mmoja wa kampuni ya meli mahali pa kupambana na mfalme wa Ubelgiji. Edmund Dene Morel, aliyefariki mwaka 1924, ndiye mwandishi aliyeifanya dunia iamini kwamba mpira wa Kongo ulipatikana kwa bunduki, kwa kukata watu mikono na kwa kuwafungia wake zao. Kwa kawaida habari zake huishia hapo, kwenye ushindi. Hazifiki mwaka 1920, alipoandika tena kuhusu wanawake na askari, safari hii barani Ulaya, na kuacha madhara ambayo hakuishi kuyaona yote.

Mtu alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni ushahidi alioutaka kabla ya kuamini jambo na kulipeleka mtamboni. Katika ukanda huu, ambako taarifa za ubakaji vitani huvuka mpaka kabla ya lori la kwanza la asubuhi, tofauti hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu.

Morel alizaliwa Paris mwezi Julai 1873, baba Mfaransa, mama Mwingereza. Baba alifariki mtoto akiwa mdogo bado, na mama akamsomesha Uingereza. Alianza kazi mapema, kwanza benki huko Paris, kisha mwaka 1891 akaajiriwa ukarani na kampuni ya meli ya Elder Dempster mjini Liverpool. Mshahara ulikuwa mdogo. Akawa anaongezea kwa kuandika makala za biashara ya Afrika Magharibi magazetini, na mwaka 1896 akaoa. Hakuna chochote katika miaka hiyo kilichoonyesha kwamba angekuwa mpinzani wa mtu yeyote. Makala zake za mwanzo zilikuwa za mtu wa biashara anayewatetea watu wa biashara.

Elder Dempster ilikuwa na mkataba wa kubeba mizigo kati ya bandari ya Antwerp, Ubelgiji, na Boma, mji mkuu wa Dola Huru ya Kongo wa wakati huo. Dola hiyo haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II, ambaye mataifa makubwa yalimkubalia mwaka 1885 kwa ahadi kwamba angekomesha biashara ya watumwa na kuacha milango wazi kwa wafanyabiashara wa nchi zote. Kwa kuwa Morel alijua Kifaransa, kampuni ikawa inamtuma Antwerp kusimamia shughuli na maofisa wa Kongo. Huko ndiko alikosimama gatini akiwa na karatasi mkononi na kuanza kulinganisha.

Meli zilizotoka Boma zilishusha mpira na pembe za ndovu, shehena juu ya shehena. Meli zilizokwenda Boma zilikuwa na nini? Kwa hesabu yake mwenyewe, karibu asilimia 80 ya vilivyopelekwa Kongo havikuwa vitu vya kubadilishana na mali ya wenyeji. Silaha na risasi zilikuwa nyingi mno kwa nchi iliyodaiwa kuwa na amani. Vitambaa, shanga, shaba, vitu ambavyo mkusanyaji wa mpira angelipwa, vilikuwa haba. Kisha akaona jambo la pili: kiasi cha mpira na pembe kilichoandikwa katika vitabu vya kampuni yake kilikuwa kikubwa kuliko kile ambacho serikali ya Kongo ilikitangaza hadharani. Kulikuwa na mtu aliyekuwa anaweka faida mfukoni.

Mpira ule haukutoka kwenye mashamba. Ulikuwa utomvu wa mimea itambaayo juu ya miti mirefu ya msituni, na mtu alilazimika kuacha nyumba yake siku nyingi ili aupate. Nani angefanya kazi hiyo bila malipo? Kwa kuwa hakukuwa na malipo, na kulikuwa na risasi, Morel akafikia jibu akiwa hajawahi kukanyaga ardhi ya Kongo. Wala hakuikanyaga maisha yake yote. Alijua kwamba watu wanalazimishwa kwa sababu hesabu haikuacha maelezo mengine.

Alimpelekea bosi wake habari hizo. Mkuu wa kampuni, Sir Alfred Jones, alikuwa pia konsuli wa heshima wa Kongo mjini Liverpool, na mkataba wa Leopold ulikuwa na faida nono. Morel aliahidiwa cheo ng'ambo, kisha akaahidiwa kazi nyepesi yenye malipo mazuri. Akakataa yote mawili. Mwaka 1901 aliacha kazi, akiwa na familia na bila akiba, akageuka mwandishi. Mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake, West African Mail, kwa msaada wa wafanyabiashara wa Liverpool akiwemo John Holt.

Wafanyabiashara hao hawakuwa malaika. Leopold alikuwa amewafungia soko, nao walitaka lifunguliwe. Morel mwenyewe aliamini kwamba Mwafrika akiwa huru kuuza mali yake kwa bei yake hawezi kufanywa mtumwa, imani ambayo makoloni ya Uingereza kwenyewe yalikuwa yakiisuta. Lakini maslahi ya waliompa fedha hayakuzifanya hati za Antwerp kuwa za uongo, na ndiyo maana alizitanguliza hati kabla ya hasira.

Gazeti lilipotoka, barua zikaanza kuja. Wamisionari waliokuwa msituni wakaandika waliyoyaona. Watumishi wa makampuni ya mpira waliochoka wakatoa nakala za amri na mashindano ya nani ameleta kilo ngapi. Morel alizipokea kama karani: alitaka tarehe, jina la kituo, jina la ofisa, namba ya waraka. Adui zake walisubiri kosa moja tu, naye alilijua hilo.

Waliompa habari ndio walioilipia gharama. Hezekiah Andrew Shanu, mzaliwa wa eneo la Lagos, alikuwa mfanyabiashara wa Boma mwenye duka na biashara nyingine kadhaa, mpiga picha, mtu aliyeheshimiwa na hata kupewa nishani na serikali ya Leopold. Mwaka 1903 alianza kumpelekea Morel nyaraka kuhusu mashtaka ya ukatili yaliyokuwa yakisikilizwa huko. Alipogundulika, hakupelekwa mahakamani. Watumishi wa serikali waliamriwa tu wasinunue kwake. Kwa mtu ambaye wateja wake wote walikuwa watumishi wa serikali, hiyo ilikuwa hukumu tosha. Biashara ilikufa, na katika mwaka 1905 Shanu alijiua. Jina lake halina nafasi kubwa katika vitabu, wakati bila watu wa aina yake Morel angebaki na hesabu za gatini peke yake.

Mwaka huo huo wa 1903, Bunge la Uingereza lilipitisha azimio kuhusu Kongo, na konsuli wa Uingereza huko, Roger Casement, akapanda mto kwa miezi kadhaa kuwasikiliza watu wenyewe vijijini. Ripoti yake ilichapishwa mapema mwaka 1904. Ilikuwa nzito, lakini wizara yake iliipunguza nguvu kwa njia moja: majina yote yaliondolewa na kuwekwa herufi. Vijiji vikawa herufi, mashahidi wakawa herufi, na watuhumiwa pia. Casement alikasirika. Kumficha aliyeumizwa ni ulinzi. Kumficha aliyemuumiza ni zawadi kwa huyo aliyeumiza.

Upande wa Leopold ukapata mwanya mwingine. Kijana mmoja aliyekatwa mkono, ambaye kesi yake ilivuma kuliko nyingi, alihojiwa tena na maofisa wa Kongo, akasema mkono uling'atwa na nguruwe mwitu. Watetezi wa mfalme wakaitangaza kauli hiyo kama kwamba imefuta ripoti nzima. Haikuifuta, kwa sababu Morel hakuwa ameijenga hoja yake juu ya kijana mmoja. Nyuma ya kijana kulikuwa na wengine, nyuma yao kulikuwa na barua, na nyuma ya barua kulikuwa na daftari za meli. Machi 1904, Morel na Casement wakaunda chama cha kudai mageuzi ya Kongo. Casement alitoa pauni 100 za kuanzia.

Sehemu ya wanawake katika ushahidi huo ndiyo inayohitaji kusimuliwa polepole, kwa sababu ndiyo iliyosemwa kwa sauti ndogo kuliko zote.

Mtu aliyeingia msituni kutafuta mpira hakuwa na sababu ya kurudi kituoni. Ili arudi, walinzi wenye bunduki waliteka mke wake. Kwa kawaida wanawake wa kijiji walikusanywa, wakafungiwa kwenye boma au nyumba ya mateka, na hawakuachiwa mpaka kiasi cha mpira kilichotakiwa kifike mizani. Huu haukuwa utundu wa mlinzi mmoja mlevi. Ulikuwa utaratibu wa kazi, wenye rejista. Humo ndani wanawake walikufa njaa, na humo ndani walibakwa na walinzi, na mara nyingine na maofisa wenyewe. Kwa lugha ya duka, mwili wa mwanamke ulikuwa rehani ya deni ambalo mumewe hakuwahi kulikopa.

Morel aliandika kuhusu mateka hao tena na tena. Lakini kampeni ilipotoka kwenye maandishi na kuingia ukumbini, picha ndizo zilizochukua nafasi. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alikuwa amepiga picha za watu waliokatwa viungo, na picha hizo zilimulikwa ukutani makanisani na kwenye mikutano ya hadhara kote Uingereza. Mkono uliokatwa haubishaniwi. Ubakaji hauna picha. Tena wasikilizaji walikuwa watu wa kanisa, wanawake kwa wanaume wamekaa benchi moja, na enzi hizo mambo hayo yalitajwa kwa mafumbo, kama yalitajwa.

Kulikuwa na mwanamke mmoja wa eneo la kampuni ya ABIR ambaye alitoa ushahidi mbele ya tume. Mumewe alikuwa msituni akitafuta mpira. Mlinzi akaja nyumbani, akamtaka alale naye, akakataa. Mlinzi akampiga risasi, na alipodhani kwamba amekufa, akamkata mguu ili achukue pete ya madini aliyoivaa. Mwanamke huyo alipigwa picha. Aliyeitazama picha aliona mguu usiokuwepo, akalaani wakata viungo. Kwamba yote yalianza pale aliposema hapana, picha haikuweza kulionyesha. Watu wengi walioguswa naye hawakujua wameguswa na nini hasa.

Tume yenyewe iliundwa na Leopold mwaka 1904, kwa shinikizo, akitumaini itamsafisha. Ilikuwa na wajumbe watatu, Mbelgiji, Mswisi na Mwitaliano. Wakachukua maelezo yapatayo 370, na ripoti yao ya mwaka 1905 ikathibitisha mengi ya yale ambayo Morel alikuwa akiyaandika. Lakini maelezo ya mashahidi, mmoja mmoja, kwa maneno yao, hayakuchapishwa na serikali. Yalifungwa katika hifadhi ya nyaraka. Novemba 1908 Kongo iliondolewa mikononi mwa mfalme na kuwa koloni la Ubelgiji, na mwaka uliofuata Leopold akafariki. Kazi za kulazimishwa hazikuisha siku hiyo, ila nyumba za mateka zilikuwa zimepoteza mwenye nyumba. Mwaka 1913 chama kilifungwa. Morel alikuwa na miaka 40, mmoja wa waandishi wenye sifa kubwa Uingereza.

Vita vya 1914 viliivunja sifa hiyo. Morel alipinga Uingereza kuingia vitani, akawa katibu wa umoja uliodai wananchi wawe na sauti katika sera ya mambo ya nje, na magazeti yaliyomsifu yakamwita msaliti. Mwaka 1917 alifungwa miezi sita kwa kupeleka vijitabu Uswisi kinyume cha sheria ya vita. Gereza lilikuwa Pentonville, lile lile ambalo Casement, aliyejiunga na wapigania uhuru wa Ireland, alinyongwa Agosti 1916. Morel alitoka na nywele nyeupe na moyo mbovu.

Vita ilipoisha, yeye aliona kosa jipya: Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ambao kwa maoni yake uliikandamiza Ujerumani na kupanda mbegu ya vita nyingine. Kwa hilo hakukosea sana. Ufaransa ilikuwa imeweka majeshi ya kukalia eneo la mto Rhine, na miongoni mwao walikuwamo askari kutoka Morocco, Algeria, Senegal na Madagascar, wengi wao wakiwa wameandikishwa kwa nguvu katika nchi zao. Aprili 1920, wakati Wafaransa wamesonga mbele hadi Frankfurt, Morel aliandika katika gazeti la Daily Herald la London kwamba Ufaransa imewaachia wanawake wa Kijerumani janga la askari weusi. Miezi michache baadaye alitoa kijitabu kizima juu ya jambo hilo, kikachapwa mara nyingi na kutafsiriwa katika lugha kadhaa.

Hapa msomaji aliyemfuata tangu Antwerp hushtuka. Hoja haikuanza na hesabu. Ilianza na mwili wa Mwafrika. Morel alidai kwamba Waafrika kwa maumbile hawawezi kuzuia tamaa yao, kwamba miili yao huwadhuru wanawake weupe kuliko miili ya wengine, na kwamba kwa hiyo kuwaweka Ulaya ni sawa na kupanga ubakaji. Kutoka hapo kila tetesi ilikuwa rahisi kuaminika, maana msomaji alikwisha kuambiwa kwamba hali haiwezi kuwa vinginevyo. Visa alivyovitaja vilitoka kwa kiasi kikubwa Ujerumani, kwa maofisa na magazeti waliokuwa na kila sababu ya kutaka Wafaransa waondoke. Karani wa mwaka 1900 angeuliza nani ameuandika waraka huu na anafaidika nini. Mwandishi wa mwaka 1920 hakuuliza.

Alijitetea kwa kusema kwamba lawama ni ya wakubwa wa jeshi la Ufaransa, na kwamba askari wenyewe walikuwa wahanga. Mwaka huo huo alichapisha kitabu kirefu cha kuwatetea Waafrika dhidi ya unyonyaji wa Ulaya. Pengine hakuona mgongano wowote. Alimwamini Mwafrika aliyebaki kijijini kwake akiuza mpira. Mwafrika aliyevaa sare na kutembea barabara za Ulaya alimtisha.

Mtu wa kwanza kumjibu vizuri alikuwa Claude McKay, mshairi kijana wa Jamaica aliyekuwa London. Alipeleka barua kwa gazeti lililochapisha makala, na mhariri akaikataa. Sylvia Pankhurst akaipa nafasi katika gazeti lake dogo la Workers' Dreadnought, Aprili hiyo hiyo. McKay hakudai kwamba askari weusi ni watakatifu. Aliuliza kwa nini gazeti la wafanyakazi limeshughulishwa na jinsi ya mtu mweusi, na akaonya kwamba maneno hayo yatawaletea watu weusi vipigo katika miji ya bandari ya Uingereza. Hakuwa anakisia. Mwaka uliotangulia, 1919, mabaharia weusi walikuwa wameshambuliwa na makundi ya watu Liverpool, Cardiff na kwingineko.

Jenerali Henry Allen, kamanda wa majeshi ya Marekani yaliyokuwa Rhine, naye alifanya kile ambacho Morel hakukifanya: aliomba takwimu. Katika taarifa yake ya katikati ya mwaka 1920 aliieleza serikali yake kwamba kesi za kingono zilizofikishwa rasmi kwa wakuu wa jeshi la Ufaransa dhidi ya askari wa makoloni zilikuwa 66. Watu 28 walikuwa wamehukumiwa na 11 wameachiwa. Madai ya ukatili wa jumla jumla, kwa maoni yake, yalikuwa propaganda.

Takwimu hizo zinauma pande zote mbili. Zinaonyesha kwamba tufani ya ubakaji iliyotangazwa haikuwapo. Zinaonyesha pia kwamba wapo wanawake walioumizwa kweli, na mahakama za kijeshi zikaridhika kwamba wameumizwa. Pia jeshi lenyewe ndilo lililohesabu kesi zake, na kila anayezijua kesi hizi anajua kwamba wengi hawafiki kwenye meza ya kuandikisha. Lakini nani aliwatafuta wale wachache waliofika? Wenye kijitabu walihitaji maelfu, hivyo makumi hayakuwafaa. Wapinzani wao walihitaji sifuri. Na mwanamke wa Kijerumani aliyebakwa na askari mweupe hakuwa na kampeni wala kijitabu, kwa sababu hakuwa ushahidi wa hoja ya mtu yeyote.

Katika Kongo, Morel alikuwa na ushahidi wa ubakaji na akausema kwa sauti ya chini, akihofia wasikilizaji watauziba masikio. Katika Rhine alikuwa na ushahidi kidogo na akaupigia baragumu, akijua kwamba wasikilizaji wataunyonya kwa hamu. Mara zote mbili alikuwa anapima soko. Mara ya kwanza bidhaa ilikuwa halisi hata ile aliyoificha chini ya meza. Mara ya pili alijaza gunia kwa kile ambacho wateja walikuwa tayari wanakitaka, kwa sababu mnunuzi wa habari za namna hiyo huwa hafungui gunia kutazama ndani.

Kampeni ya Rhine ilimpatia makofi Sweden, Marekani na, zaidi ya kote, Ujerumani. Haikumzuia kupanda kisiasa. Novemba 1922 alichaguliwa mbunge wa Dundee kwa tiketi ya chama cha Labour, katika uchaguzi uliomwangusha Winston Churchill. Chama chake kilipoingia madarakani mwaka 1924 wengi walidhani angepewa wadhifa katika mambo ya nje. Hakupewa. Tarehe 12 Novemba mwaka huo, akiwa matembezini mashambani huko Devon, aliketi chini ya mti kupumzika, na moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 51.

Mwaka uliofuata Adolf Hitler alitoa kitabu chake, na habari za askari weusi wa Rhine zilikuwamo, zikiwa zimegeuzwa njama ya Wayahudi. Katika eneo lile lile kulikuwa na mamia ya watoto waliozaliwa na mama wa Kijerumani na baba askari wa makoloni, wengi wao kwa mapenzi ya hiari. Miaka yote hiyo waliitwa watoto wa aibu. Mwaka 1937 polisi wa siri wa Kijerumani walianza kuwakusanya kimya kimya, na mamia yao wakafanyiwa upasuaji hospitalini ili wasiweze kuzaa. Wengine walikuwa bado wanafunzi wa shule. Morel hakuwa Mnazi, na angechukizwa. Hata hivyo kijitabu chake kilikuwa miongoni mwa vilivyowafundisha majirani wa watoto hao jinsi ya kuwatazama.

Maelezo yale 370 ya tume ya Kongo yalikaa Ubelgiji yakiwa yamefungwa kwa karibu miaka 80. Watafiti waliruhusiwa kuyasoma katika miaka ya 1980. Yako kwa Kifaransa cha makarani, yametafsiriwa kutoka lugha za mtoni, na ndani yake wamo wanawake waliosimama mbele ya wajumbe watatu wageni na kutaja kijiji, kituo, jina la mlinzi na kile alichowafanyia. Mwanamke wa mguu uliokatwa yumo. Katika maelezo yake, mguu unakuja mwishoni.